Taa ya Breki Inayozimika Kila Mara



Katika taa zote za gari, iko moja ambayo dereva haioni akiwa kwenye usukani, nayo ni taa ya breki. Taa za mbele zikififia, tunazijua usiku uleule. Taa ya breki huzimika kimya kimya, na mama anayewapeleka watoto skuli na chuoni huweza kwenda nayo hivyo wiki nzima, akidhani kuwa walio nyuma yake wanaarifiwa kila anapokanyaga breki, kumbe hawaarifiwi kitu. Katika foleni ya kuelekea feri ya Likoni, au kwenye barabara ya Malindi wakati wa mvua, kimya hicho huweza kuleta msiba.

Hatuzungumzii leo balbu iliyoungua mara moja. Balbu huungua, ikatiwa nyingine, mambo yakaisha. Tunazungumzia gari linalotiwa balbu leo, na baada ya wiki mbili taa imezimika tena. Mwenye gari hulipa, hurudi, akalipa tena. Balbu ikifa mara ya tatu upande uleule, huo si ugonjwa wenyewe bali ni dalili yake, na mwenye kutibu dalili hamalizi kununua dawa.

Kwanza, tazameni wenyewe. Jioni, egesheni gari nyuma yake ikielekea ukuta, kanyageni breki, kisha tazameni kwenye vioo wekundu wa mwanga ukutani: kulia, kushoto, na katika magari mengi taa ya tatu iliyo juu katikati. Akiwapo msaidizi, asimame kando ya gari, si nyuma yake. Mtakachokiona ndicho kitakachowaonyesha pa kuanzia.

Ikiwa zote tatu hazikuwaka, balbu tatu hazifi kwa siku moja. Hapo hushukiwa fyuzi, au swichi ya breki iliyofungwa juu ya pedali. Katika magari mengi ya gia otomatiki, swichi hiyo ikiharibika, mkono wa gia nao hukataa kutoka kwenye P. Kinyume chake, taa zikibaki zinawaka hata baada ya gari kuzimwa, huenda kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachoigusa swichi hiyo kwenye mkono wa pedali kimepasuka na kuanguka. Asubuhi betri huwa imekufa, na mwenye gari akauziwa betri mpya, ilhali kilichohitajika ni kipande kisichozidi ukubwa wa kifungo.

Ikiwa fyuzi ndiyo inayoungua kila mara, iko shoti mahali fulani. Mahali pa kutazama mapema ni waya zinazopita kwenye bawaba za buti, kwani hukunjwa na kunyooshwa kila buti linapofunguliwa, mpaka ngozi yake ikachubuka. Msikubali kamwe fundi atie fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya badala yake. Fyuzi hufa ili waya zisishike moto.

Ikiwa ni upande mmoja tu, itoeni balbu ya zamani na muitazame uzi wake. Uzi ukiwa mzima haukukatika, basi balbu haikufa, na tatizo limo kwenye soketi. Hii ndiyo siri ya matengenezo mengi yasiyodumu: fundi anapotoa balbu na kutia nyingine, vyuma husuguana kidogo, umeme ukapita, taa ikawaka. Baada ya siku chache kutu hurudi kazini. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na kifuniko cha taa kilichopasuka au mpira wake uliochakaa huingiza maji ya mvua ndani. Soketi yenye kutu ya kijani au nyeupe isafishwe kwa msasa laini, taa zikiwa zimezimwa. Iliyoyeyuka kwa joto ibadilishwe. Na penye kuvuja pazibwe. Bila hivyo, balbu mpya inatiwa ndani ya maradhi yaleyale.

Taa zikiwaka kwa unyonge, au breki ikikanyagwa taa nyingine za nyuma zikaanza kucheza, mwambieni fundi aukague waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Pale ulipofungwa hushika kutu, na umeme usiopata njia yake hupita kwa jirani.

Yabaki mambo mawili. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili, wati 5 za taa ya usiku na wati 21 za breki. Iliyo sahihi huingia bila kulazimishwa. Na ikiwa balbu za mahali mbalimbali zinaungua kweli, fundi apime umeme wa betri injini ikiwa inanguruma. Kawaida huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Ukizidi 15, kasoro iko kwenye mtambo wa kuchaji, na balbu hazina makosa.

Dada zetu wengi huona haya kuuliza gereji, wakichelea kuambiwa kuwa hawajui magari. Hapana haja ya kuyajua magari yote. Kabla ya kulipa, ombeni kuonyeshwa balbu iliyotolewa, kisha ulizeni swali moja: "Ni nini kilichoiua?" Fundi mwaminifu hatachukizwa nalo, na asiyekuwa na jibu bado hajamaliza kazi.

Taa hii hatukuwekewa kwa ajili ya macho yetu, bali ya aliye nyuma yetu, naye pia amebeba watoto wake. Kuihifadhi ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie salama njiani, sisi nao.