Kabla Hujamnunulia Mkeo Bastola, Msikilize Kwanza

 

Leo nina mada ambayo baadhi yenu mtashangaa kuiona kwenye ukurasa wa afya. Miezi ya karibuni kaka zangu watatu, kwa nyakati tofauti, wameniuliza swali lile lile: "Dada nesi, nataka kumnunulia waifu bastola. Ipi nzuri, na bei yake ni kiasi gani?" Wananiuliza mimi kwa kuwa nimefanya kazi idara ya dharura hapa Marekani kwa miaka mingi. Ni kweli bastola nazijua, ila nimezijua kwa kuanzia upande wa majeraha.

Sitaki kumcheka mtu anayeuliza. Najua swali linatoka wapi. Mama anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anatembea peke yake hadi kwenye gari, na baba naye yuko ghala anapiga boksi mpaka asubuhi. Hofu hiyo ni ya kweli. Kule nyumbani wengi wetu bunduki tuliiona begani kwa askari au kwa mlinzi wa benki, na kibali chake kilipita polisi. Hapa inauzwa dukani kwenye kabati la kioo, na jirani anakwambia kila mtu anayo. Kwa hiyo tuzungumze bila kufichana.

La kwanza, sheria. Mume akinunua bastola kwa pesa yake mwenyewe kumpa mkewe zawadi, sheria ya serikali kuu inaruhusu, mradi mke naye si mtu aliyekatazwa kumiliki. Lakini kama mke ndiye ametoa pesa, na wewe unajaza fomu kwamba mnunuzi halisi ni wewe, umesema uongo kwenye fomu ya serikali. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hilo ni kosa hata kama anayenunuliwa naye angeruhusiwa kununua. Halafu tazama hadhi yake ya uhamiaji. Mwenye green card anaruhusiwa. Aliyeko hapa kwa viza ya mwanafunzi, ya mtalii au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa mambo machache kama leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Kesi ya bunduki inaweza kukurudisha nyumbani bila kupenda. Tena majimbo kama Illinois na Massachusetts yanataka kila mmiliki awe na kibali chake mwenyewe. Kwa hiyo zawadi ya kushtukiza haifai, hata kabla hatujafika kwenye afya.

La pili, kuchagua. Hapa kina kaka wengi hukosea. Unamchagulia ndogo na nyepesi kwa kuwa "ni ya kike" na inaingia kwenye pochi. Kumbe bastola jinsi ilivyo nyepesi ndivyo inavyopiga teke zaidi mkononi. Mama anafyatua mara tatu, mkono unauma, hairudii tena. Nyingine zina sehemu ya juu ngumu kuvuta, na mwenye ganzi ya vidole au maumivu ya kifundo cha mkono, ugonjwa wetu sisi tunaoinua wagonjwa, hawezi. Rivolva, ile yenye kichwa kinachozunguka, ni rahisi kuielewa lakini kifyatulio chake ni kizito. Nyingi za kujilinda zinazouzwa sasa ni za milimita 9 zenye ukubwa wa kati. Anayeshika ndiye achague. Nendeni wote kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha, ajaribu tatu au nne chini ya mwalimu. Akisema hataki hata moja, jibu umelipata.

La tatu, bei. Usidanganyike na karatasi iliyobandikwa dukani. Bastola mpya ya bei nafuu inaanzia kama dola 300, na zinazojulikana sana kama Glock ni dola 500 hadi 600. Chukua ya 500 upige hesabu nami. Kodi kama dola 40. Sefu ndogo ya kufunguka haraka, 150. Risasi 200 za mazoezi, 80. Darasa la siku moja, 120. Vizuia sauti vya masikio na miwani, 50. Mfuko mgumu wa kuivaa, 60. Hapo ni dola 1,000, na bado hujalipia uwanja wa mazoezi. Kama bajeti yako inatosha bastola tu bila sefu na darasa, basi bado huna uwezo wa kununua bastola.

La nne ni kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Kwa Kiswahili risasi ni jina la chuma kinachotoka kwenye mtutu na pia ni jina la madini, na si bure. Vumbi la madini hayo hubaki hewani na mikononi uwanjani, huingia kwenye damu, na hupita hadi kwa mtoto tumboni na kwenye maziwa. Mlio nao ni mkali mno, na vizuia sauti vya mama havimfuniki mtoto. Mjamzito aahirishe. Wengine wote nawe mikono kwa sabuni, badilisheni nguo na viatu kabla ya kumbeba mtoto.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Yaani bunduki nyingi zinazoua, zinamuua mwenye nyumba, si mwizi. Na tangu mwaka 2020 bunduki imekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19 nchi hii, ikapita ajali za magari. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka minne aliyefungua pochi ya mama yake kutafuta peremende. Aliishi. Mama yake alikaa sakafuni, hakuweza kusema jina lake tulipomuuliza.

Nitawaambia na langu. Miaka kumi na miwili iliyopita mume wangu alitaka kuninunulia bastola kwa sababu ile ile, zamu ya usiku. Alishaichagua. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Nikamwambia hapana. Alikasirika, akaniuliza kama sithamini anavyonijali. Ilibidi nimwambie kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yangu: kwamba tangu nijifungue silali, nalia bafuni, na kuna usiku nawaza nyumba hii ingekuwa nafuu bila mimi. Mimi muuguzi, niliyesoma nyumbani na nikasoma tena huku, nilikuwa nayaficha maradhi ninayowafundisha wengine kuyatambua. Siku ya pili alinipeleka kwa daktari. Nilipona. Mawazo yale kwa watu wengi huja na kupita kama wimbi, na aliyevuka usiku mmoja mara nyingi huishi. Bastola haimpi mtu nafasi ya kuvuka. Sijui ingekuwaje kama ingekuwa kwenye droo.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya: usiulize kwanza "ipi nzuri". Uliza kwanza hali ya aliye ndani ya nyumba. Kama kuna mtu ana huzuni ya muda mrefu, amejifungua karibuni, anakunywa sana, au kijana wa miaka kumi na tano aliyejifungia chumbani, msinunue sasa. Kama ninyi wawili mkigombana mikono hunyanyuka, msinunue kabisa. Dada yangu unayesoma hili, kama bastola unayoletewa "zawadi" inakutia hofu kwa sababu ya anayeileta, hofu hiyo isikilize na utafute msaada.

Kama hayo yote hayapo na mmekubaliana wote wawili, nunueni kwa utaratibu. Tupu, ndani ya sefu, risasi zimefungwa mahali pengine, ufunguo au namba mnajua ninyi wawili tu. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Watoto wetu wanajua hata sukari tunaificha wapi. Idara nyingi za polisi hutoa kufuli za waya bure. Na hali ya mtu ikibadilika, itoeni nyumbani kwa muda, bila aibu.

Kwa hofu ya usiku yenyewe, jaribuni na ya bei nafuu. Mwombe mlinzi wa kazini amsindikize hadi kwenye gari. Watokeni wawili wawili. Taa mlangoni, kufuli imara, simu imejaa chaji. Sisi nyumbani mpaka leo tunaishi hivyo, bastola hatuna. Ni uamuzi wa nyumba yetu, sikulazimishi uwe wako.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, au mwenzako anayo, piga 988 saa yoyote, ni bure, na unaweza kuomba mkalimani. Kuomba msaada si uchizi wala si laana.

Kaka yangu, leo jioni akirudi kazini, kabla ya kumwonyesha picha za bastola kwenye simu, mkaribishe chai umuulize: "Mama fulani, unalala vizuri siku hizi?" Halafu nyamaza umsikilize.

Mungu awalinde. Tuonane tena hapa hapa.