Kabla ya Kujenga Chumba Kingine, Tazama Juu

Leo tuzungumze juu ya chumba ambacho nyumba nyingi zinacho lakini hakuna anayekihesabu: ile nafasi iliyo kati ya dari na mabati.

Mada hii imeletwa na barua ya mama mmoja wa Chepsaita, upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Nyumba yake ina vyumba vitatu na jiko la kuni liko ndani. Kifungua mimba wake anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, naye hulala na kusomea sebuleni, katikati ya redio na wageni. Chumba ambacho kingemfaa kimejaa magunia ya mahindi, masanduku na vitu vikuukuu. Fundi amejitolea kumtengenezea kijana chumba darini, juu ya jikoni ambako kuna joto. "Zile mbao za katikati tutazikata," akasema, "zinaziba njia tu." Mama anauliza: nikubali?

Jibu langu, mama, ni kwamba wazo ni zuri, lakini mwambie fundi aweke msumeno chini kwanza.

Wazo lenyewe si geni. Waulize wazee wa Kinandi watakueleza juu ya tabut, dari ya nyumba ya jadi, ambako nafaka iliwekwa. Moto uliopika chakula chini ndio uliokausha nafaka juu, na moshi wake ukawafukuza wadudu. Moto mmoja, kazi mbili, wala hakuna kilichopotea bure.

Hata leo, anayetumia dari huokoa mengi. Chumba kipya kinataka msingi, matofali, saruji na mabati. Saruji hutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na matofali ya kuchoma hula kuni nyingi. Dari tayari ina paa juu na kuta chini. Inataka mbao tu, na mbao nazo si za kuchezea. Tunakumbuka serikali ilivyopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, na bei ya mbao ikapanda. Kwa hivyo, ukipata mbao nzuri za nyumba iliyobomolewa, usizidharau. Ila usizipake oili chafu ya gari, kama wafanyavyo mafundi wengine. Harufu yake haifai pale mtu anapolala, na huuchochea moto ukitokea.

Sasa, msomaji, kabla ya kumwita fundi, jiulize maswali matatu.

La kwanza: je, dari yako inaweza kubeba mtu? Katika nyumba nyingi za mabati, zile mbao nyembamba za mbili kwa mbili ziliwekwa kushikilia dari tu. Ukizikanyaga utajikuta sebuleni bila kupitia mlangoni. Sakafu ya kweli katika chumba cha upana wa mita tatu hivi huhitaji mbao imara, kama zile za sita kwa mbili, zilizoachana sentimita 40 na kukaa juu ya kuta zenye nguvu. Nazo mbao ambazo fundi anataka kuzikata ndizo zinazosaidia kulishikilia paa. Usikate hata moja kabla mhandisi hajaja kuona, na kabla ramani haijaidhinishwa na kaunti. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya paa lililoanguka.

La pili: kuna nini chini yake? Hapa ndipo barua ya mama iliponitia hofu. Moshi hupanda. Pamoja nao hupanda kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini. Jiko la makaa hutoa gesi hiyo pia, hata lisipotoa moshi. Tabut iliwafaa mahindi, lakini mapafu ya mtoto si mahindi. Asilale mtu juu ya jiko la kuni wala la makaa.

La tatu: mtu atashukaje usiku moto ukitokea? Panahitajika ngazi iliyofungwa imara, na dirisha ambalo mtu anaweza kupitia. Kama huwezi kusimama wima katikati, hicho si chumba, ni stoo. Na ikiwa paa ni la zamani la asbesto, usilitoboe wala kulikata, kwani vumbi lake huleta saratani. Uliza kwanza ofisi ya NEMA.

Ukipita maswali yote, kumbuka baridi. Eldoret na viunga vyake viko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Bati huwaka mchana, na usiku hutoa jasho. Weka kizuizi chini yake. Sufu ya kondoo iliyooshwa vizuri na kutiwa boraksi hufaa sana, na kondoo tunao. Acha nafasi ya hewa kupita kati ya sufu na bati, toboa matundu katika kuta za ncha zote mbili, na uyazibe kwa waya wa wavu ili popo wasihamie. Bati moja la kupitisha mwanga litakupunguzia bili ya umeme mchana.

Na asiyepita? Mama wa Chepsaita, kwa uliyonieleza, wewe hukupita. Lakini usife moyo. Chumba cha mwanao unacho tayari, ila kimekaliwa na magunia. Mpe yeye chumba hicho. Vitu vyepesi, kama nguo za msimu na masanduku matupu, vipande darini, mbali na jiko, juu ya mbao zilizolala kutoka ukuta hadi ukuta. Mahindi yasipande, kwani gunia moja ni kilo 90. Yajengee ghala dogo nje, lenye miguu iliyoinuka kuwazuia panya, na uyaingize yakiwa yamekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, yasije yakaota kuvu.

Kijana atapata meza yake na mlango wa kufunga, na paa litabaki mahali pake. Jioni hii, chukua tochi uchungulie dari yako, kisha uniandikie ulichokiona. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.