EACOP ina faiba ya kugundua uvujaji. Na saruji ya visima, nani anaitazama?

Ukifuatilia mradi wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, utakuwa umesikia habari ya faiba. Pembeni mwa bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, unalazwa mkongo wa kugundua uvujaji. Mradi wenyewe unautaja kama moja ya kinga zake. Sawa, ni hoja nzuri.

Lakini mafuta hayaanzii kwenye bomba. Yanaanzia kwenye visima, na visima vya Uganda ni vingi. Tilenga peke yake, inayoendeshwa na TotalEnergies, imepangiwa zaidi ya 400, vingine vikiwa ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Kingfisher ya CNOOC imepangiwa 31, ukingoni kabisa mwa Ziwa Albert.

Na kwenye kila kisima kuna kitu ambacho kikishawekwa hakuna binadamu atakayekiona tena: saruji.

Iko hivi. Wachorongaji wakishafika kina fulani wanashusha bomba la chuma, halafu wanasukuma uji wa saruji ndani yake. Uji unatokea chini na kupanda kwa nje, kujaza nafasi kati ya chuma na mwamba. Ukiganda vizuri, gesi na mafuta havina njia ya kupanda pembeni wala kuingia kwenye maji ya ardhini. Ukiacha pengo, njia ipo.

Sasa utajuaje kama umefika ulikotakiwa kufika? Hapo ndipo joto linapoingia.

Fundi yeyote aliyewahi kumwaga zege la msingi mkubwa anajua kwamba saruji ikikutana na maji inatoa joto. Kisimani ni vilevile. Kwa miongo mingi wahandisi wamekuwa wakishusha kipimajoto kwa waya saa kadhaa baada ya kumwaga saruji. Palipo na joto la ziada, saruji ipo. Palipobaki na joto la kawaida la mwamba, pengine haipo.

Shida ni kwamba kipimajoto cha waya kinakupa picha moja tu ya muda mmoja. Ukichelewa, joto limeshapungua. Ukiwahi, halijapanda.

Faiba inaondoa tatizo hilo. Uzi wa kioo, wa aina ileile inayobeba intaneti yako, unafungwa kwa nje ya bomba la kisima na kushuka nalo. Juu, mashine inatuma mipigo ya mwanga wa leza. Sehemu ndogo sana ya mwanga huo inarudi nyuma ikiwa imebadilika rangi kidogo, na nguvu ya mwanga huo uliobadilika inategemea joto la pale ulipogonga. Muda uliotumia kurudi unaonyesha ni kina gani. Yaani uzi mzima unageuka kipimajoto, karibu kila mita, saa baada ya saa, wakati saruji inaganda. Unaona joto likipanda, likifika kilele, likishuka. Hata sehemu ambayo shimo lilimomonyoka na kumeza saruji nyingi inaonekana, kwa sababu ina joto zaidi ya jirani zake.

Hii si nadharia. Kule Ketzin, magharibi ya Berlin, watafiti wa Ujerumani waliweka faiba nyuma ya mabomba ya visima vilivyochorongwa 2007 kwa ajili ya majaribio ya kuhifadhi kaboni dayoksaidi ardhini, wakafuatilia joto la saruji ikiganda.

Ila tusiifanye faiba kuwa mganga. Joto linakwambia saruji ilipo, halikwambii kama imeshikana na chuma. Baadaye bomba likipoa linaweza kusinyaa na kuacha ufa mwembamba kama karatasi, na gesi haihitaji zaidi ya hapo. Halafu kuna kejeli kidogo: uzi wenyewe uliofungwa nje ya bomba, kama saruji haikuuzunguka vizuri, unaweza kuwa ndiyo njia ya kuvujia. Kwenye visima vyenye joto kali sana, kama vya jotoardhi, kioo nacho kinachakaa na kutoa vipimo visivyo sahihi.

Kwa hiyo hata kifaa kizuri kinabaki kumtegemea mtu wa kukisoma. Hapo ndipo inabidi tuikumbuke Macondo.

Tarehe 20 Aprili 2010, usiku wa manane, kazi ya kumwaga saruji kwenye kisima hicho cha BP katika Ghuba ya Mexico ilikamilika. Saruji yenyewe ilikuwa imechanganywa na naitrojeni ili iwe nyepesi. Mafundi wa Schlumberger walikuwa tayari juu ya mtambo na kifaa cha kupima kwa sauti kama saruji imeshika. Asubuhi wakaambiwa hawahitajiki, wakapanda helikopta wakaondoka. Kabla ya saa 4 usiku siku hiyohiyo Deepwater Horizon ililipuka. Watu 11 walikufa na mafuta yakatiririka baharini kwa siku 87.

Tume iliyoundwa na Rais Obama ilisema wazi kwamba saruji ilishindwa kufanya kazi yake. Uamuzi wa kuwarudisha mafundi ulitokana na ishara moja: kiasi cha maji ya kuchorongea kilichorudi juu kilionekana kamili, hivyo mpango wa kazi ukaruhusu kipimo kirukwe.

Kuna sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inanisumbua zaidi. Halliburton, waliomwaga saruji hiyo, walikuwa wameshauri vitumike vishikilizi 21 vya kuliweka bomba katikati ya shimo. Vikatumika 6. Baada ya ajali ndani ya kampuni zikafanyika hesabu za kompyuta kulinganisha 6 na 21, zikaonyesha tofauti ndogo. Matokeo yakafutwa. Mwaka 2013 Halliburton ilikiri kosa la kuharibu ushahidi na kutozwa faini ya dola 200,000. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kisheria.

Yaani vipimo vilikuwepo, wataalamu walikuwepo, kompyuta zilikuwepo. Aliyekuwa anaamua kipimwe nini na nini kibaki kwenye faili ni yuleyule aliyekuwa akiilipia kila saa ya mtambo kusubiri, au mkandarasi wake.

Ndiyo maana sioni kama swali la kuuliza Uganda ni "mna faiba au hamna". Mchoro wa joto la saruji unaenea kwenye ukurasa mmoja, na mtu wa Buliisa anaweza kuoneshwa na akaelewa kwa dakika tano: mstari umepanda hapa, hapa haukupanda. Mamlaka ya Petroli ya Uganda ina wajibu wa kusimamia visima hivi. Safari ijayo waandishi wakipelekwa kwenye eneo la uchorongaji na kusomewa idadi ya mita zilizochimbwa, wataje namba ya kisima kimoja na kuuliza: saruji yake ilipanda hadi kina gani, ilipimwaje, na mamlaka iliyaona majibu kabla au baada ya kazi kuendelea?