Niliharibu Websaiti ya Kijiji cha Wazungu Nikidhani Naitengeneza

Wasee, leo sina siri ya kutajirika na laptopu. Nina kosa. Nimekaa nalo karibu mwaka mzima, na kila nikiona mtu amepost "nimetengeneza upya websaiti ya klayenti, tazama kabla na baada", linanirudia tumboni.

Hivi ndivyo ilikuwa. Nina anti yangu ni muuguzi Uingereza, ameishi huko miaka mingi. Si London. Anaishi kijiji ambacho kina kanisa moja, baa moja, na basi ambalo ukilikosa unarudi nyumbani kulala. Kila mwaka mwezi wa saba, Jumamosi moja, wanafanya kitu kinaitwa fete. Websaiti ya hiyo fete ilikuwa imezeeka, kamati ikataka mtu wa kuirekebisha, na Anti, bila kuniuliza, akasema, "Nina kijana Nairobi anafanya hizo vitu."

Kijana wa Nairobi ndiye mimi. Kampasi niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa na mimi nikakataa kuendelea kudanganya kwamba italipwa. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza websaiti kwa YouTube, usiku, bando likiwa bei rahisi. Nyumbani Mathe alikuwa bado anaambia watu niko "likizo". Pauni 150 za kijiji cha watu wengine zilikuwa, kwangu, cheti cha kuonyesha mezani.

Kwanza niwaeleze fete ni nini, maana mimi nilidhani ni tamasha la muziki. Si hivyo. Fete ni harambee, tu imevaa kofia ya jua. Paa la kanisa linavuja, ama ukumbi wa kijiji unataka choo kipya, basi watu wanakusanyika uwanjani, wanauziana keki, wanalipa kukisia uzito wa keki kubwa moja, wanavuta kamba, wanakimbia na yai kwenye kijiko. Ile mbio ya yai uliyokimbia shule ya msingi ukadhani ni yetu? Hapo ndipo ilitoka. Kuna mashindano ya kurusha gambuti, nani ataifikisha mbali. Halafu kuna moja ilinimaliza: wanapanga nazi juu ya vijiti, unalipa, unazirushia mipira, ukiangusha moja unaenda nayo nyumbani. Binamu zangu wa Kilifi nikiwaambia watu wanalipa kupigana na nazi, hawaamini hadi leo.

Anti hupika samosa. Zinaisha kabla ya saa tisa. Hiyo niliambiwa mara nne.

Sasa, websaiti yenyewe. Manze. Ilikuwa ya njano, maandishi ya bluu, fonti ya Comic Sans. Juu kulikuwa na maneno yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto kama yale ya kwenye matatu. Chini kulikuwa na mashine ya kuhesabu wageni. Kulikuwa na picha ya jua linacheka. Niliipiga skrinishoti nikatuma kwa grupu yetu na tukacheka mpaka mtu mmoja akasema hiyo si websaiti, hiyo ni makumbusho.

Kumbukeni hilo neno, makumbusho. Alikuwa amesema kweli na hakuna mtu alisikia.

Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Niliweka video ya nyasi zinapeperuka, inajaza skrini yote. Juu yake jina la kijiji kwa herufi nyembamba nyeupe. Ukiteremka, vitu vinatokea polepole kimoja kimoja kama bibi harusi. Menyu nikaificha nyuma ya vile vimistari vitatu. Maandishi nikayapaka kijivu laini, kwa sababu kijivu laini ni "premiamu". Nilipoimaliza nilikaa nikiiangalia vile mtu anaangalia gari mpya.

Nikatuma. Siku tatu kimya. Halafu ikaja barua pepe kutoka kwa katibu wa kamati, mama wa miaka sabini na kitu. Alisema inapendeza sana, na kwamba kamati nzima imeshangaa ni maridadi vipi. Halafu sentensi moja ya mwisho: "Lakini tumeshindwa kupata ni siku gani."

Nilienda kuangalia nikiwa na hasira, kuwaonyesha kwamba tarehe iko. Ilikuwa, ndiyo. Kwanza usubiri video ya megabaiti 38 ifunguke. Halafu ubonyeze vimistari vitatu. Halafu uchague "Kutuhusu". Halafu uteremke. Hapo, kwa kijivu laini.

Na ile ya zamani, ile ya jua linacheka? Unajua yale maneno yaliyokuwa yanatembea yalikuwa yanasema nini? Siku, saa, uwanja, na kwamba mvua ikinyesha wanahamia ukumbini. Mimi niliangalia mwendo wake nikacheka. Sikuwahi kusoma.

Kuna mchoraji wa katuni Mmarekani, Randall Munroe, mwaka 2010 alichora duara mbili zinazoingiliana. Moja ni vitu vinavyowekwa ukurasa wa mbele wa websaiti ya chuo kikuu, nyingine ni vitu ambavyo watu wanaenda kutafuta pale. Mahali duara zinakutana kuna kitu kimoja tu: jina kamili la chuo. Mimi hiyo katuni naijua. Niliwahi kuisambaza nikiwa kampasi, nikikejeli tovuti yetu iliyokuwa na picha sita za wakubwa wakipanda miti na hakuna mahali pa kuona tarehe ya mwisho ya kulipa karo. Halafu nikaenda nikafanya vilevile, kwa pauni 150.

Nikauliza Anti watu humuuliza nini kuhusu fete. Akacheka, akasema ni yaleyale kila mwaka. Ni lini? Inaanza saa ngapi? Gari naweka wapi? Naweza kuja na mbwa? Mamangu yuko na kiti cha magurudumu, uwanja utamfaa? Mvua je? Naweza kulipa na kadi ama nibebe pesa taslimu? Hiyo ndiyo websaiti. Maswali saba. Hakuna aliyewahi kuuliza kama nyasi zinapeperuka.

Na yale maandishi ya kijivu: kuna kipimo cha kimataifa cha jinsi maandishi yanavyopaswa kutofautiana na rangi ya nyuma ili watu wenye macho hafifu wasome. Kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5 kwa 1. Yangu yalikuwa kama 2.3. Kamati ya watu wa miaka sabini, na mimi nimewaandikia kwa moshi.

Nikarudi nikajenga ukurasa mmoja. Juu kabisa tarehe na mwaka, herufi kubwa nyeusi. Chini yake majibu ya yale maswali. Ramani ndogo. Namba ya simu ya ukumbi. Ukurasa wote chini ya kilobaiti 200, unafunguka hata ukiwa shambani na netiweki ya kubahatisha. Ule ukurasa wa kwanza kabisa wa websaiti duniani, alioutengeneza Tim Berners-Lee kule CERN, ulikuwa maandishi na linki tu. Mwaka 2013 CERN waliurudisha kwenye anwani yake, na ukiufungua sasa hivi kwa simu yako unasomeka vizuri. Video yangu ya nyasi ilikuwa inagandisha simu ya Mathe.

Hapo nilidhani nimejikomboa. Kumbe kosa lenyewe lilikuwa bado.

Katibu akaandika tena. Sasa tarehe wanaiona, asante sana. Swali dogo: ile kurasa ya "Miaka Iliyopita" imehamia wapi?

Nilikumbuka hiyo kurasa. Ilikuwa ndefu kama orodha ya wapiga kura. Kila mwaka tangu 1998: pesa zilizopatikana, zilienda kwa nini, nani alishinda keki, nani alirusha gambuti mbali zaidi, picha ndogo zilizofifia. Mimi niliiona nikasema hii ni takataka, nani anataka kujua gambuti la 2003. Nikafuta. Na sikuwa na bakapu. Nirudie, kwa wale mnaosoma mkiwa kwa matatu: sikuwa na bakapu. Siku ya kwanza kabisa ya hii kazi unafundishwa uweke nakala kabla ya kugusa kitu. Nilikuwa najua. Nilidhani hakuna kitu pale cha kuwekea nakala.

Katibu hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma. Alinieleza tu kwamba mume wake alishinda gambuti miaka mitatu mfululizo, na hayupo tena, na huwa anaifungua hiyo kurasa.

Sikulala. Nilikaa kwa Wayback Machine, ile maktaba ya Internet Archive inayohifadhi nakala za websaiti za zamani, nikaanza kuokota mwaka mmoja mmoja. Maandishi niliyapata karibu yote. Picha ndio shida, mashine huwa haichukui kila kitu. Nyingine zilikuja nzima, nyingine zilikuja kama kisanduku cheupe chenye alama ya kuvunjika. Picha kumi na moja hazikuwepo popote.

Ilibidi nimpigie simu mzee aliyeitengeneza ile ya zamani. Alikuwa ameacha kwa sababu ya macho. Nilikuwa nimejiandaa kuombwa pesa zirudishwe. Aliniuliza kwanza kama Nairobi kuna mvua. Halafu akanieleza kwamba alijifunza HTML akiwa ameshastaafu, kutoka kwa kitabu, na rangi ya njano aliichagua kwa sababu kuna jirani yake alikuwa haoni vizuri na aliwaomba njano. Mimi na grupu yangu tulicheka hiyo njano dakika ishirini.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watu watanirukia kwa komenti. Sisi vijana wa hii kazi tumezoea kuuza ubomoaji. Klayenti akija na kitu kimezeeka, bei yetu inapanda tukimwonyesha kila kitu chake ni kibaya. Kanisa linataka watu wajue ibada ya pili inaanza saa ngapi, tunawauzia kurasa tano na video ya droni. Chama cha akina mama kinataka fomu moja ya kujiandikisha, tunawapa menyu ya vimistari vitatu. Wakiuliza tarehe iko wapi tunasema hawaelewi dizaini. Buda, wewe ndiye hujaelewa kazi uliyopewa.

Mtasema muonekano unauza. Ni kweli, sitabisha. Ile ya nyasi niliipost na ilinipa wafuasi na klayenti wawili. Ile ya ukurasa mmoja niliipost pia na ikapata laiki kumi na nne, moja ikiwa ya Anti. Kwa hivyo najua vizuri kwa nini tunafanya hivi. Tunatengenezea wale wanaotuangalia, si wale wanaotumia. Kodi ya nyumba haingoji, na mimi pia nitakuwa na siku nitaweka video ya nyasi. Lakini nitakuwa nimesoma kwanza kile ninachofuta.

Kitu kingine kidogo, nisisahau. Katibu aliniomba nitoe majina ya watoto chini ya picha, wazazi hawakuwa wamekubali. Nilidhani ni mambo ya Wazungu. Sisi pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na data za mtoto zinataka idhini ya mzazi. Angalieni zile picha za sherehe ya kufunga shule mnapost.

Siku ya fete ilinyesha asubuhi. Saa ya Kenya tuko mbele yao masaa mawili msimu huo, kwa hivyo mimi nilikuwa nimeamka zamani. Anti akanipigia akiwa anakaanga samosa, akaniambia nibadilishe haraka, wanahamia ukumbini. Sekunde kumi: nikafuta neno moja, nikaandika lingine, nikahifadhi. Alasiri akanitumia picha ya ukumbi umejaa, gambuti wakirushia nje kwa matope. Nazi zote ziliangushwa.

Mathe alinikuta nikiangalia hiyo picha. Akauliza hao ni akina nani. Nikamwambia ni watu wa kazini. Hajasema neno "likizo" tena, ingawa pia hajasema lingine.

Yule mzee alipata sanduku la picha za karatasi kwa stoo yake. Anaziskani polepole, mjukuu wake akimsaidia, na zikifika mimi naziweka mahali pake, mwaka kwa mwaka. Zimefika saba. Ya mume wa katibu bado.