Nauli kwa kilometa, magoti hayamo hesabuni

Mfanyabiashara anayetoka Mbeya kufuata mzigo Kariakoo hupiga hesabu ya kila kitu: nauli, chakula, gesti, wapagazi na usafirishaji wa mzigo. Kitu kimoja hakiingizi daftarini, nacho ni mwili wake. Hukaa kitini kilometa zipatazo 830, magoti yakigusa kiti cha mbele, na hushuka miguu imevimba na mgongo umekakamaa. Kesho yake sokoni hununua haraka haraka ili akapumzike. Anayenunua kwa haraka hulipa bei ya muuzaji.

Wapo wanaosema haya ni malalamiko ya abiria wa kudekezwa. Sivyo. Ni suala la namna bidhaa inavyopimwa.

Viwango vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023 viliweka kikomo cha nauli ya mabasi ya masafa marefu kuwa sh. 48.47 kwa kilometa kwa kila abiria wa daraja la kawaida, na sh. 67.84 kwa daraja la kati. Kwa safari ya Mbeya hadi Dar es Salaam, hiyo ni kama sh. 40,000 na sh. 56,000. Bei imepangwa kwa kilometa. Nafasi ya miguu haina bei.

Tuchukue mfano. Basi lina mita 9 za kuweka viti. Likiwekwa safu 11, kila safu hupata karibu sentimeta 82. Likiwekwa safu 12, hubaki sentimeta 75. Safu hiyo moja ya viti vitano inaweza kuingiza sh. 200,000 kwa safari moja. Fedha hiyo imetoka katika sentimeta 7 za kila abiria, na nauli haikupungua hata senti. Tusimlaumu mwenye basi peke yake: bei ikifungwa na kipimo kikaachwa wazi, mfanyabiashara yeyote atachezea kipimo. Wakulima wa viazi na vitunguu wanaujua mchezo huu kwa jina la lumbesa.

Gharama yake si maumivu ya mgongo tu. Utafiti ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo yake mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya saa 4 au zaidi, mtu akiwa amekaa bila kujongea, iwe kwa ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, kwani kwa safari za ndege ilikadiriwa kuwa mmoja kati ya 6,000. Lakini safari zikifuatana karibu karibu hatari hupanda, na mfanyabiashara wetu husafiri kila baada ya wiki chache.

Maoni yetu ni kwamba tiketi ioneshe nafasi kati ya kiti na kiti kwa sentimeta, kama mfuko wa sukari unavyoonesha kilo. Mwenye basi la nafasi kubwa ataweza kujitangaza, na mwenye la kubana atalazimika kupunguza nauli. Soko litafanya kazi yake.

Kwa sasa, wafanyabiashara wanashauriwa kuingia ndani ya basi na kukaa kitini kabla ya kulipa. Usidanganywe na rangi ya basi wala jina la daraja. Basi likisimama, teremka utembee, na kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au ukibanwa kifua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tofauti ya sh. 16,000 kati ya madaraja hayo mawili ni kubwa kwa mwenye mtaji mdogo. Ailinganishe na kiasi anachopoteza akifika sokoni amechoka, ndipo aamue.