Muulize Mwenye Duka la Muvi

Kuna kijana ana duka la muvi Makutano, Meru. Hana diploma ya filamu. Ukimpelekea flashi, anakuuliza kwanza ulitazama nini mara ya mwisho, na kama ulilala katikati. Kisha anakwambia, "Hii chukua. Hii ingine wacha, mwisho wake ni bure." Akikudanganya, kesho utarudi na kelele, na bob 50 zako hatazipata tena. Kwangu huyo ndiye mhakiki.

Sasa linganisha na sisi tunaoandika. Tunaalikwa uzinduzi, tunapewa tiketi, soda na picha kwenye zulia jekundu. Usiku huohuo filamu inakuwa moto wa kuotea mbali. Sikatai tiketi ya bure. Nakataa tiketi ya bure iliyofichwa. Kama umepewa, sema umepewa, msomaji ajipimie.

Wanaoponda bila kuona nao si afadhali. Aprili 2018 bodi ya filamu, KFCB, ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Septemba, Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7 tu. Kufikia hapo watu kibao walikuwa washatoa hukumu, wengine kuilaani, wengine kuisifu, na hawajaona hata dakika 1. Uongo ni uongo, uwe upande wako au wangu.

Nayajua haya kwa sababu nimeyafanya. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikaanza kulipwa kwa makala. Siku moja, muda umenibana, nikaisifu filamu niliyoiacha katikati. Binamu yangu wa Dallas, Embu, akapanda matatu na mpenzi wake hadi Nairobi kuitazama. Aliporudi hakunitukana. Aliuliza tu, "Wewe uliiona hadi mwisho?" Nikanyamaza. Tangu hapo hasomi vitu vyangu, na simlaumu.

Kwa hivyo wasee wasinibabaishe na digrii. Digrii ingenipa majina ya vitu, sibishi, lakini isingenikalisha kitini hadi mwisho. Na kukaa pekee hakutoshi, lazima utoe sababu. Ukiniambia Nairobi Half Life ya 2012 ni kali, hujaniambia kitu. Niambie vile Mwas anafika jijini na kuibiwa siku ya kwanza, na vile ulimkumbuka mamako akikuonya kuhusu Nairobi. Hapo naweza kukubali au kubisha, na hata nikibisha, umenisaidia kuamua kama pesa yangu itoke mfukoni.

Mwisho, ukikosea, rudi pale pale ulipoandika useme umekosea. Yule wa Makutano hurudisha pesa. Sisi tunafuta maoni ya watu.

Nami nipime hivyo hivyo. Binamu, nilikudanganya. Nauli yenu nitalipa.