Mbaazi na Amri ya Ghafula

Wako wataalamu wasemao kwamba mkulima wa Afrika ya Mashariki huumizwa na soko la dunia kwa sababu hajui kujikinga na hatari. Humshauri achanganye mazao, asitegemee mnunuzi mmoja, akate bima. Ushauri huu una sura ya hekima, lakini humtwika mzigo mtu asiyeufunga. Napenda kuupinga kwa zao moja dogo, mbaazi, na kwa mwaka mmoja, 2017.

Katika Babati, mkoani Manyara, mbaazi hupandwa shamba moja na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza. Mbaazi husimama peke yake kwa muda, mizizi yake ikinywa unyevu uliobaki chini. Kuchanganya mazao, basi, si somo geni huko. Mahindi ni chakula, na ziada yake huuzwa. Mbaazi ni fedha, na fedha hiyo kwa sehemu kubwa hutoka India. Mwezi Juni 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuvushwa mpakani, ikihofia upungufu wa chakula. Mwezi Agosti Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi ziingiazo kutoka nje. Mkulima yule yule, katika shamba lile lile, akafungiwa milango miwili. Alikuwa amekwisha kuchanganya. Achanganye na nini tena?

India ilikuwa na hoja. Mwaka 2015 mbaazi ziliadimika kwao, bei ikapaa, wakulima wakaitika kwa kulima zaidi; walipovuna, bei ikaanguka chini ya kima walichoahidiwa na serikali yao. Sina ugomvi na haki ya taifa kuwalinda watu wake. Ugomvi wangu ni na saa iliyochaguliwa. Mbaazi za muda mrefu hukaa ardhini miezi 6 hadi 9. Amri ya Agosti haikumzuia mtu wa Babati kupanda. Ilimwadhibu kwa kuwa alikwisha kupanda.

Wala tusiinyoshee India kidole peke yake. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Sumukuvu si kisingizio cha kuchekwa: mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Lakini haikuzaliwa juma lile la Machi, na masharti yaliyotolewa baadaye yangaliweza kutangulia.

Hasara ya amri hizi haiishi zinapoondolewa, na hapa ndipo wengi hawatazami. India iliufungua mlango mwezi Mei 2021, lakini kwa ruhusa yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mfanyabiashara aogopaye kwamba shehena yake itakuta bandari imefungwa hupunguza bei anunuapo, ili hofu yake ilipwe na mwingine. Huyo mwingine ni mwenye shamba, ambaye hana wa kumshushia. Basi hata mwaka ambao mlango u wazi, hulipia kufungwa kwake.

Mwaka 2001, katika mkutano wa Doha, mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walikubali kwamba kanuni za afya na za viwango zitangazwe, kwa kawaida, si chini ya miezi 6 kabla ya kutumika. Muda huo ni mfupi kuliko uhai wa mbaazi, tena hauhusu vikomo vya kiasi. Msumbiji ilifanya vema zaidi: mwaka 2016 ilipatana na India juu ya kiasi kitakachonunuliwa kwa miaka kadhaa, na kikomo cha 2017 hakikuigusa ahadi hiyo. Tanzania idai mapatano ya namna hiyo. Na kabla ya kudai kwa wengine, ijifunge yenyewe: amri ya kuzuia zao ihusu mbegu isiyopandwa bado, na njaa ikilazimisha kuzuia lililokwisha kuvunwa, serikali ilinunue kwa bei ya siku iliyotangulia amri.